Kila mtu ana neno, lakini maiki iko kwa nani?

Bwana asifiwe. Kazi yangu ni kufundisha viongozi wa ibada na felowshipi za nyumbani hapa Kisumu na upande wa Vihiga, na kila semina naulizwa lile lile, tufuate programu ama tumwachie Roho?

Soma 1 Wakorintho 14. Mstari wa 26 Paulo anasema mkikutana kila mmoja ana zaburi, ana fundisho, ana ufunuo, yaani hakuna wa kuja kutazama tu. Halafu hapo hapo anaweka hesabu, wa kunena kwa lugha wawili, wakizidi watatu, tena kwa zamu na mmoja afasiri, manabii nao wawili ama watatu na wengine wapime. Na mstari wa 30, huo watu wanaupita mbio sana, mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza anyamaze. Mnaona? Utaratibu wa Paulo unamtetea yule ameketi!

Kuna felowshipi moja ya Alhamisi huko Nyalenda ilikuwa inajiita huru kabisa, hakuna programu, lakini miezi miwili niliyokaa nao nilisikia sauti nne tu, zile zile kila wiki, wamama wa nyuma ni amina tu mpaka maombi ya kufunga. Iliniuma. Tukakubaliana ushuhuda ni dakika tatu, kiongozi aongee mwisho, na kabla mtu arudie mara ya pili tuulize nani hajasema, halafu tungoje, kimya kabisa, hata dakika nzima. Hapo kwa kimya ndio pagumu, watu wetu wakisikia kimya wanaanzisha pambio.

Wale Quakers, kanisa linalojiita pia Marafiki au Friends, wanakijua hicho kimya vizuri. Wamisionari wao waliofika Kaimosi, huko Vihiga, 1902 walitoka Marekani na ibada ya mahubiri na nyimbo, ndio maana Friends wa huku western wana mhubiri na programu, lakini Uingereza wengi bado wanaketi kimya mpaka mtu asukumwe kusema, na hata huko kuna adabu yake, mmoja akimaliza mwingine haruki juu yake, wanaliacha neno litulie kwanza.

Wiki ya tatu ya utaratibu wetu huo hapo Nyalenda, tukiwa tumengoja mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi, mama mmoja anayeuza omena Kibuye akasimama akaomba kwa Kijaluo, na mzee aliyekuwa anaongea zaidi ya wote ndiye alitufasiria sisi tusiokijua, sentensi kwa sentensi, polepole.