Sokwe ana huruma? Niambie kwanza ni sokwe yupi

Juzi nikishuka na daladala kutoka Kibosho kwenda Moshi mjini, kijana aliyekaa pembeni yangu alisikia nikitaja Gombe, ile hifadhi ya sokwe kule Kigoma, kwenye simu. Akauliza, "Mwalimu, sokwe wana huruma kweli, au wanaiga tu watu?" Kabla sijafungua mdomo, mzee wa kiti cha nyuma akamjibu: "Mnyama ni mnyama. Ukimwona mmoja umewaona wote."

Nimechoka kulisikia hilo, na huko Arusha nalisikia hadi kwa waongoza watalii.

La kuiga halina uzito: sokwe wa msituni wanakumbatiana baada ya ugomvi wao wenyewe, wamwige nani? Ila hapa watu huchanganya kupatana na kufariji. Waliogombana wakipatana, kila mmoja ana faida yake. Mfariji hakuwemo kwenye ugomvi. Anamwendea aliyepigwa, anamkumbatia. Watafiti Frans de Waal na Angeline van Roosmalen walilieleza hilo mwaka 1979, kwa sokwe wa bustani ya Arnhem, Uholanzi. Siku hizi ukitaka kulipima, unaanza kumfuatilia aliyepigwa mara tu ugomvi unapokwisha, kisha siku nyingine tulivu unamfuatilia kwa muda uleule, unalinganisha. Bila siku ile tulivu huna ushahidi, maana huenda hukumbatiwa kila siku.

Je, faraja humtuliza? Hapo nina mashaka. Kujikuna ni dalili ya wasiwasi. Waliopima, wengine wameona kunapungua baada ya kufarijiwa, wengine hawakuona kitu. Nadhani inategemea mfariji ni nani kwake, lakini siwezi kuapa.

Tena neno lenyewe "huruma" linatuponza. Limebeba mambo mawili: kuhisi uchungu wa mwenzako, na kumtendea wema. Sokwe anaweza kuwa na la kwanza, la pili likategemea ni nani, na leo ana nani mbele yake.

Mwaka 1987 homa ya mapafu iliua sokwe kadhaa Gombe. Mel, mtoto wa miaka 3 hivi, alibaki yatima. Spindle, dume la miaka 12 hivi ambalo halikuwa ndugu yake, likambeba mgongoni, likagawana naye chakula, likalala naye kiota kimoja. Hakuna aliyetarajia hilo kwa dume la umri ule.

Katika vilima hivyohivyo, miaka ya 1970, Passion na binti yake Pom walikuwa wakiwapokonya majike wengine vichanga vyao na kuvila. Wanafunzi wangu wakifika hapo husema basi, Pom ni katili, na wanataka kufunga daftari. Nawazuia. Passion alipokufa mwaka 1982 aliacha mtoto mdogo, Pax. Waliomlea ni kaka yake Prof na dada yake, Pom huyohuyo.

Mzee alishuka kabla sijafika kwa Pom.