Kutuma yuro nje ya nchi: yasemwayo na yalivyo

Wengi huamini kwamba pesa ikivuka mpaka, lazima makato yaongezeke. Kwa yuro, ndani ya Umoja wa Ulaya, dhana hii imepitwa na wakati tangu 2003. Sheria inaitaka benki itoze kutuma yuro kutoka Madrid kwenda Helsinki sawasawa na inavyotoza kutoka Madrid kwenda Sevilla. Kama ndani ya nchi haikukati kitu, haina ruhusa ya kukukata kwa sababu ya mpaka. Gharama ya kubadilisha sarafu ni suala jingine, nalo huwachanganya wengi.

"Itafika baada ya siku tatu au tano." Hapana. Agizo la yuro lililotolewa kwa simu au kompyuta linapaswa kuwa limefika mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Malipo ya papo kwa papo huchukua sekunde 10, hata Jumapili usiku. Tangu tarehe 9 Januari 2025 kila benki ya eneo la yuro inayopokea malipo ya kawaida inalazimika kuyapokea na haya, na tangu tarehe 9 Oktoba 2025 inalazimika pia kuyatuma, kwa ada isiyozidi ya malipo ya kawaida.

Dhana inayowaumiza watu zaidi ni hii: kwamba ukifanya kazi Ujerumani, mshahara hauwezi kuingia ila kwenye akaunti ya Ujerumani. Mwajiri anaiona IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, inayoanza na PT ya Ureno au LT ya Lithuania, anasema mfumo wake haukubali. Kampuni ya umeme inasema hivyohivyo. Mgeni aliyefika juzi, ambaye bado anahangaikia hati za makazi, anaambiwa akafungue akaunti mpya kwanza ndipo alipwe jasho lake. Wanaomkatalia ndio wanaovunja sheria. Kanuni ya Ulaya ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza anayelipa au anayelipwa kwa yuro kumpangia mwenzake akaunti yake iwe katika nchi gani, mradi akaunti hiyo inafikika ndani ya SEPA, yaani eneo la pamoja la malipo ya yuro. Kila nchi mwanachama ina mamlaka ya kupokea malalamiko ya aina hii. Andika barua, taja kifungu hicho. Herufi mbili za mwanzo wa namba hazipaswi kumzuia mtu kupokea haki yake.

Je, ukikosea namba, benki itagundua kwa kuwa jina halilingani? Kwa miaka mingi haikuwa lazima: malipo yalifuata IBAN tu, jina likabaki pambo. Tarakimu mbili baada ya herufi za nchi hukokotolewa kutokana na namba nzima, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja mfumo unaikataa. Lakini ukinakili IBAN sahihi ya mtu mwingine, au tapeli akikutumia yake kwenye ankara ya uongo, hesabu inakubali bila shida. Ndiyo maana tangu Oktoba 2025 benki za eneo la yuro zinalazimika kulinganisha jina na namba kabla hujaidhinisha, na kukuonya zisipolingana. Ukipuuza onyo ukaendelea, hasara ni yako. Benki isipolinganisha na pesa ikaenda kusiko, inapaswa kukurudishia. Kwa hiyo soma onyo hilo polepole, hasa mtu anapokuharakisha.

Mwisho, SEPA si jina jingine la Umoja wa Ulaya, wala la eneo la yuro. Uswisi na Uingereza zimo ndani ya SEPA, lakini hazibanwi na sheria ile ya ada sawa. Ukituma yuro Zürich au London, uliza makato kwanza.