Mgonjwa Wake ni Mtaa Mzima: Dhana Potofu Kuhusu Uuguzi wa Afya ya Jamii

Muuguzi wa wodini ana vitanda vyake, majalada yake na saa za kugawa dawa. Zamu ikiisha anajua nani amepata nafuu na nani amezidiwa. Muuguzi wa afya ya jamii hana kitanda. Amekabidhiwa watu wote wa eneo fulani, wengi wao wazima, na kazi yake ikienda vizuri hakuna cha kuonyesha: mtoto hakuugua surua, mjamzito hakufikia kifafa cha mimba, kisima hakikuleta kipindupindu. Karibu dhana zote potofu kuhusu kazi hii zinaanzia hapo. Tumezoea kuwahesabu waliougua, naye anatakiwa kumhesabu kila mtu, aliyeugua na asiyeugua.

"Huyo ni muuguzi aliyeshindwa kazi za hospitali"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana anayeisema hajawahi kuitazama kazi yenyewe.

Mwaka 1902 shule za New York zilikuwa na madaktari waliokagua wanafunzi na kuwarudisha nyumbani wenye trakoma (ugonjwa wa macho), chawa, upele na maradhi mengine ya kuambukiza. Kwenye karatasi ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa. Mtaani mambo yalikuwa mengine. Mtoto alifika nyumbani na kadi ambayo mzazi hakuweza kuisoma, au aliisoma lakini hakuwa na fedha za kumpeleka kwa daktari. Hakutibiwa. Mchana kutwa alicheza na watoto walewale aliotenganishwa nao darasani, na alipojaribu kurudi shule alikaguliwa tena, akafukuzwa tena. Lillian Wald, aliyeanzisha huduma ya wauguzi wa mitaani katika jiji hilo mwaka 1893, aliomba wajaribu njia nyingine. Akamtoa muuguzi mmoja, Lina Rogers, afanye kazi katika shule nne kwa mwezi mmoja. Yaliyotibika shuleni Rogers aliyatibu palepale, na mtoto akabaki darasani. Yasiyotibika shuleni aliyafuata nyumbani, akamwonyesha mzazi jinsi ya kusafisha jicho au kuondoa chawa, akirudi siku nyingine kuangalia maendeleo. Jiji liliajiri wauguzi zaidi, na ndani ya mwaka mmoja idadi ya watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani ilishuka kwa takriban asilimia 90.

Madaktari wale hawakukosea kutambua ugonjwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuona ugonjwa ukitoka darasani, ukipita mtaani, ukiingia chumba kimoja kinacholaliwa na watu wanane. Kazi hiyo inataka ujuzi wa kliniki, tena wa mtu anayeamua peke yake bila daktari mlango wa pili. Juu ya ujuzi huo inataka uwezo wa kusoma takwimu, kuhoji watu bila kuwatisha na kubishana na wenye mamlaka. Sioni ni sehemu gani ya hayo inayomfaa aliyeshindwa.

"Watu wanaugua kwa kutojua, kazi yake ni kutoa elimu tu"

Elimu ni sehemu ya kazi, lakini mama anayetembea saa nzima kufuata maji tayari anajua kwamba mikono hunawiwa kwa sabuni. Ukimrudia na bango lenye picha ya mikono umempotezea muda. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London, daktari John Snow hakuanza na mihadhara. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza marehemu walikuwa wakichota maji wapi, akaona vifo vimekusanyika kuzunguka pampu ya Broad Street, kisha akawaendea viongozi wa parokia, waliokuwa na mamlaka ya mtaa. Mpini wa pampu ukaondolewa. Ni kweli mlipuko ulikuwa umeanza kupungua wenyewe, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wamekimbia, lakini njia aliyoifuata ndiyo inayofuatwa hadi leo: uliza, chora ramani, hesabu, kisha dai chanzo kirekebishwe. Muuguzi wa jamii anayeandika barua ya tatu kuhusu mfereji wa majitaka uliopasuka anafanya kazi ya kinga kama anapochoma sindano.

"Waliochanjwa nao wameugua, basi chanjo haifai kitu"

Hili linahitaji hesabu, na naomba msomaji asiiruke.

Chukua shule ya kufikirika yenye watoto 1,000. Watoto 950 wamepata dozi mbili za chanjo ya surua, 50 hawajapata hata moja. Dozi mbili hukinga takriban watu 97 kati ya 100. Surua ikiingia na kumfikia kila mtoto, katika wale 950 wataugua kama 28. Katika wale 50 ambao hawakuchanjwa, ugonjwa huu huwapata takriban 9 kati ya kila 10, hivyo wataugua 45. Jumla ni wagonjwa 73, na zaidi ya theluthi yao walichanjwa. Mtu atasimama na kusema: mnaona?

Sasa panua chanjo ifikie watoto 990. Waliochanjwa na kuugua watakuwa kama 30, wasiochanjwa 9. Wagonjwa wamepungua kutoka 73 hadi 39, lakini safari hii wengi wao ni waliochanjwa! Wakichanjwa wote 1,000, kila mgonjwa atakayepatikana atakuwa amechanjwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki. Ndiyo maana swali "wangapi kati ya wagonjwa walichanjwa?" hupotosha. Swali linalofaa ni "kati ya waliochanjwa wameugua wangapi, na kati ya wasiochanjwa wameugua wangapi?" Jibu hapa ni watatu katika kila mia, dhidi ya tisini katika kila mia.

Tena hesabu hiyo imechukulia kwamba ugonjwa unamfikia kila mtoto, jambo ambalo watu wengi wakichanjwa halitokei. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, kwa hiyo inahitajika takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga ili ugonjwa ukose pa kupita. Hapo ndipo anapolindwa mtoto wa miezi minne ambaye umri wa kuchanjwa surua haujafika, na mtu mwenye saratani ambaye haruhusiwi kupewa chanjo hiyo. Ila kinga hii ya pamoja haiko kwa kila ugonjwa. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na havitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Hata jirani zako wote wakichanjwa, wewe unayekanyaga msumari bila chanjo huna kinga yoyote kutoka kwao.

"Tuwashughulikie walio hatarini zaidi, wengine wako salama"

Inaonekana busara, na kwa mtu mmoja mmoja ni busara kweli. Mwaka 1985 Geoffrey Rose, daktari Mwingereza, alieleza kwa nini kwa jamii nzima haitoshi. Tuseme watu 100 wana presha ya juu sana, na mmoja kati ya watano wao atapata kiharusi. Hao ni 20. Watu wengine 10,000 wana presha iliyopanda kidogo tu, na ni mmoja kati ya mia atakayepata kiharusi. Hao ni 100. Viharusi vingi vimetoka kwa watu ambao kila mmoja wao angeambiwa kwamba hali yake si mbaya.

Ndiyo sababu kupunguza chumvi kidogo katika mkate unaoliwa na kila mtu kunaweza kuzuia viharusi vingi kuliko kliniki inayowahudumia wachache. Ugumu, ambao Rose aliusema waziwazi, ni kwamba hatua yenye faida kubwa kwa jamii humpa kila mtu faida ndogo sana, asiyoweza hata kuihisi. Muuguzi anahitaji njia zote mbili: amfuatilie mgonjwa wa presha asiache vidonge, na wakati huohuo adai mabadiliko yanayowagusa wote.

"Kupima mapema siku zote kuna faida"

Korea Kusini ilipoeneza vipimo vya saratani, kliniki nyingi ziliongeza kipimo cha mawimbi ya sauti cha tezi dundumio, ile iliyo shingoni. Kati ya 1993 na 2011 idadi ya waliokutwa na saratani ya tezi hiyo iliongezeka mara 15. Vifo kutokana na saratani hiyo havikubadilika. Saratani nyingi zilizogunduliwa zilikuwa ndogo mno, za aina ambayo mtu angeishi nayo na kufa kwa sababu nyingine. Lakini zikishagunduliwa, wengi walifanyiwa upasuaji. Baadhi yao walibaki wakitegemea vidonge maisha yao yote, na baadhi walipata madhara ya sauti.

Kuna mtego mwingine hapa. Mtu ambaye angegundulika kwa dalili akiwa na miaka 68 na kufa akiwa na 70 ameishi na ugonjwa miaka miwili. Mpime akiwa na 62, afe siku ileile, na takwimu zitasema ameishi miaka minane baada ya kugunduliwa. Kilichoongezeka ni muda wa kujua, uhai ni uleule.

Sisemi watu wasipimwe. Kupima mlango wa kizazi hugundua mabadiliko kabla hayajawa saratani, na kupima presha ni rahisi na tiba yake ipo. Vigezo vya kuamua vilishaandikwa na wataalamu wawili, Wilson na Jungner, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, na muhimu kati yake ni kwamba anayegundulika awe na tiba ya kupewa. Kampeni inayopima mamia ya watu sukari siku moja uwanjani na kuwaacha waliozidi kiwango bila pa kwenda imewaongezea hofu tu.

"Kinga siku zote hugharimu kidogo kuliko tiba"

Si siku zote. Chanjo nyingi za watoto huokoa fedha kweli. Lakini kuwapa dawa kwa miaka maelfu ya watu, ambao wachache tu kati yao wangeugua, kunaweza kugharimu zaidi ya kuwatibu hao wachache. Hata hivyo inaweza kustahili, kwa sababu fedha hizo zimenunua miaka ya afya. Hakuna anayedai upasuaji wa kidole tumbo uthibitishe kwanza kwamba unaipunguzia serikali matumizi, na sielewi kwa nini kinga peke yake ndiyo iulizwe hivyo.

"Anayekuja nyumbani kuuliza unaishi na nani anapeleleza"

Mtu akigundulika na kifua kikuu cha mapafu, walio katika hatari kubwa ni wanaolala naye chumba kimoja na kupumua hewa ileile kwa saa nyingi. Watoto walio chini ya miaka mitano ndio wa kuangaliwa kwanza, maana kwao ugonjwa huweza kuenea haraka hadi kwenye ubongo. Muuguzi anauliza nani anakohoa, nani anapungua uzito, nani anatoka jasho usiku. Mwenye dalili anapimwa. Mtoto mdogo asiye na dalili anapewa dawa za kuzuia ugonjwa usijitokeze. Jina la mgonjwa halitajwi kwa jirani, na muuguzi anayelitaja amevunja maadili ya kazi yake na anastahili kushtakiwa kwa wakubwa wake. Mgonjwa ana haki ya kuuliza mapema taarifa zake zitaandikwa wapi na nani atazisoma, na ajibiwe.

"Mwezi huu hakuna mgonjwa, basi hakuna kazi"

Polio hushambulia wengi kimyakimya. Katika watoto walioambukizwa, takriban mmoja tu kati ya 200 ndiye anayepooza. Kwa hiyo hakuna anayekaa kusubiri polio ionekane. Wauguzi na wahudumu wengine huripoti kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla mguu au mkono, hata kama hawadhani ni polio. Huchukuliwa sampuli mbili za choo, zikipishana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, zikapimwe maabara.

Ulegevu wa namna hiyo una visababishi vingine pia, na inajulikana kwamba hata mahali pasipo na polio atapatikana angalau mtoto mmoja kwa mwaka katika kila watoto 100,000. Basi eneo kubwa likimaliza mwaka mzima bila kuripoti hata mmoja, wasimamizi hawalipongezi. Wanajua watoto wapo na hawajaonekana, na hutuma watu wakapekue madaftari ya wodi, wakaulize kwa waganga wa jadi na wapite vijijini kuwatafuta.