Amri Kumi Zilezile: Je, Dini Ndiyo ya Kulaumiwa?

Je, wajua kwamba makundi mawili yaliyomwaga damu nyingi Uganda kwa jina la Mungu yote yalidai kutetea Amri Kumi? Joseph Kony alisema jeshi lake la waasi, LRA, lilitaka nchi itawaliwe kwa amri hizo. Kule Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi, kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilijiita harakati ya kurejesha Amri Kumi za Mungu. Na miongoni mwa amri hizo imo "Usiue."

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vitabu vitakatifu vyenyewe ndivyo vinavyozaa wauaji. Tarehe 3 Juni 1886, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja Namugongo kwa ajili ya Kristo mmoja. Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana wao kwa wao pale Mengo. Injili ilikuwa ileile. Kilichoingia katikati ni ugomvi wa nani atawale Buganda na nani apate uchifu, na Kapteni Lugard, Mwingereza, aliyewagawia Waprotestanti bunduki.

Kaskazini pia, hasira ilitangulia maombi. Baada ya Museveni kuchukua madaraka mwaka 1986, Waacholi wengi waliogopa kisasi cha jeshi jipya. Alice Lakwena, mwanamke aliyedai kuongozwa na roho, akawaahidi wapiganaji wake kwamba mafuta watakayopakwa yatawakinga na risasi. Waliposhindwa karibu na Jinja mwaka 1987, Kony alikuwa tayari na jeshi lake. Waasi wa ADF nao, wanaojiita wapiganaji wa Uislamu, waliongozwa na Jamil Mukulu, aliyezaliwa Mkristo, na walipata maficho mpakani mwa Kongo, ambako serikali haikuwa na nguvu. Juni 2023 walivamia shule Mpondwe, wilayani Kasese, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Watoto wale hawakuwa na vita na mtu.

Lakini kusema "hiyo si dini, ni siasa tu" ni kukwepa. Mwanasiasa akikuambia uuze shamba lako kesho, utamwuliza kwa nini. Viongozi wa kundi la Kanungu walitangaza kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999, na watu wakauza mashamba, ng'ombe na nyumba. Kuongea kulizuiwa, wakawa wanaelewana kwa ishara za mikono. Siku ile ilipopita na dunia ikabaki palepale, manung'uniko yakaanza. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea na mamia ya watu ndani, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Mmoja wa viongozi, Dominic Kataribabo, alikuwa padri msomi.

Utii wa namna ile haukuanzia Kanungu. Wale watu walikuja nao kutoka makanisa ya kawaida, walikofundishwa, tena kwa nia njema, kwamba kumhoji kiongozi wa dini ni kumhoji Mungu. Hapo ndipo ninapoona lawama ya dini, na naiona ni nzito. Misikiti na makanisa yanayolaani mauaji kila mara yangali yanalea waumini wasiothubutu kuuliza.

Hili halimaanishi kwamba imani yenyewe ni ya kutupwa. Waasi wa LRA walipoteka wasichana 139 wa shule ya Aboke Oktoba 1996, Sista Rachele Fassera aliwafuata porini pamoja na mwalimu mmoja, akarudi na 109. Askofu Macleod Baker Ochola alipoteza mke wake kwa bomu la ardhini mwaka 1997, na bado alisimama na Askofu Mkuu Odama na masheikh wa Acholi kudai msamaha kwa waasi watakaorudi nyumbani. Sheria ya msamaha ikapitishwa mwaka 2000. Hawa walimtii Mungu yuleyule, lakini walifanya kazi mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa huru kuwapinga, na wengi kweli waliwapinga.

Wengine wanadhani dawa ni serikali kuandikisha kila kanisa na kila madrasa. Kundi la Kibwetere lilikuwa limeandikishwa. Cheti kile hakikumpa muumini hata mmoja ruhusa ya kusimama ibadani na kuuliza fedha za mashamba yao ziliko.