Je, mwanafizikia wa nadharia hufanya kazi peke yake?

Wengi hapa Mwanza huamini fizikia ya nadharia, yaani kueleza maumbile kwa hesabu badala ya majaribio, ni ya mtu mmoja mwenye kipaji cha kuzaliwa, aliyejifungia na ubao wake. Imani hiyo inaeleweka, maana vitabu vya shule hutaja jina moja kwa kila kanuni. Lakini safari yenyewe imejaa watu: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu chini ya msimamizi, kisha mara nyingi mikataba ya utafiti ya miaka 2 au 3 kabla ya uhadhiri. Humo kuna semina, kufundisha, na kubishana sana. Inaniuma kijana wa Nyegezi anayependa hesabu akikatishwa tamaa na imani hiyo ya upweke. Hakiki mwenyewe: tangu 1991 makala za fizikia huwekwa bure mtandaoni, kwenye hifadhi iitwayo arXiv. Fungua chache, tazama majina ya waandishi, kisha soma shukrani mwishoni.