Rahner hakusema dini zote ni sawa

Wiki iliyopita nimelisikia tena, safari hii kwa katekista niliyemfundisha mwenyewe: "Mwalimu, si Rahner anasema dini zote ni njia moja? Sasa tunabatiza za nini?"

Karl Rahner, mwanateolojia Mjesuiti wa Ujerumani (1904–1984), alizungumzia "Wakristo wasio na jina". Watu wameudaka msemo, hoja wameiacha. Rahner anaanza na mambo mawili ambayo kila Mkatoliki anayakiri: Mungu anataka watu wote waokoke, na hakuna wokovu ila kwa Kristo. Ukiyashika yote mawili, utamjibu nini mjukuu anayeuliza habari za babu yake aliyefariki kabla padre yeyote hajafika kijijini, mzee aliyelea yatima na kusema kweli hata ilipomgharimu ng'ombe? Rahner anasema neema ilikwisha kumfikia, na kama aliiitikia katika dhamiri yake, alimwitikia Kristo bila kulijua jina lake. Ni neema ya Kristo, jamani! Mwondoe Kristo, hoja nzima inaanguka. Anayesema dini zote ni sawa hamhitaji hata kidogo.

Na ubatizo? Kwa Rahner, neema hiyo haitulii mpaka itambulike, itajwe na kukiriwa ndani ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, unakiri katika hati yake Lumen Gentium 16 (1964) kwamba wasioijua Injili pasipo kosa lao wanaweza kuokoka; Ad Gentes 7 (1965) inasema wajibu wa kuihubiri uko palepale. Zisomeni hati hizo pamoja, nawasihi. Anayetafuta pingamizi lenye uzito amsome mwanateolojia Hans Urs von Balthasar, aliyehofia mwaka 1966 kwamba msemo huo unapunguza nguvu ya ushuhuda wa wafiadini. Hapo tutajadiliana.

Kwamba Kanisa lilimhukumu Rahner kuwa mzushi? Hapana. Mwaka 1962 Roma iliagiza maandishi yake yakaguliwe kabla ya kuchapwa. Mwaka huohuo Papa Yohane XXIII akamteua kuwa mtaalamu wa Mtaguso.

Wengine wananiambia Rahner ni wa maprofesa tu. Vitabu vyake vikubwa ni vigumu, kweli, na ndiyo sababu kila mwanafunzi wangu namwanzisha na mahubiri yake ya Kwaresima ya 1946, mjini München, mji ukiwa bado magofu. Anawakumbusha wasikilizaji jinsi watu walivyofukiwa na kifusi ndani ya mahandaki ya nyumba zao wakati wa mabomu. Moyo nao, anasema, unaweza kufukiwa vivyo hivyo. Aliyefukiwa asiukimbie ukimya ule wa giza: Mungu yumo humo pamoja naye, na sala inaanzia hapo.