Boti inakula pesa hata ikiwa imefungwa: dhana potofu na ukweli

Bei ya kununulia boti ya starehe hulipwa mara moja. Kinachowatoa watu jasho ni kile kinachodaiwa mwaka hadi mwaka, na hesabu nyingi huharibikia kwenye dhana hizi.

Dhana: Nisipoitumia sana, haitanigharimu sana

Gharama kubwa za boti hufuata kalenda, si saa za safari. Maegesho, bima, kupandishwa nchi kavu na rangi ya kuzuia mwani hulipwa hata kama umetoka mara 2 tu mwaka mzima.

Zaidi ya hapo, boti inayolala muda mrefu ina magonjwa yake. Chukua impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza injini. Injini ikikaa miezi kadhaa bila kuwashwa, mapezi ya impela hubaki yamepinda, mpira hukakamaa, na siku ya kuwasha huweza kukatika. Vipande vilivyokatika husukumwa kwenye njia za maji na kuziziba. Ukifunga impela mpya bila kuvitafuta na kuvitoa, injini itachemka tena. Ndiyo maana mafundi hubadilisha impela kila mwaka au kila miaka 2, hata kama saa za injini ni chache. Spea hiyo ni ya bei ndogo, lakini injini iliyochemka huunguza gasketi ya silinda, na hapo hesabu ni nyingine kabisa.

Mafuta nayo hayatulii. Petroli yenye ethanoli hunyonya unyevu. Maji yakizidi, hujitenga pamoja na ethanoli na kutuama chini ya tangi, palepale bomba linapovuta. Kwenye dizeli, bakteria na kuvu huota pale mafuta yanapokutana na maji, wakaacha utelezi mweusi unaoziba filta. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma takriban volti 12.7 ikiwa imepumzika. Ukiiacha chini ya 12.4 kwa wiki nyingi, salfati huganda kwenye sahani zake na betri haitarudi kuwa ileile.

Dhana: Boti nzee ya bei nafuu ni nafuu kuitunza

Wengi hutumia kanuni ya kutenga asilimia 10 ya thamani ya boti kila mwaka. Kwa boti nzee kanuni hii inadanganya vibaya, kwa sababu kreni, fundi na kopo la rangi hawaulizi uliinunua kwa bei gani. Fanya hesabu kwa urefu na umri wake.

Urefu wenyewe una mtego. Mahali pengi pa kuegesha hupima kutoka ncha hadi ncha, pamoja na nanga iliyochomoza omo (mbele) na jukwaa la kuogelea lililo tezini (nyuma). Na boti ya mita 12 si boti 2 za mita 6. Zikiwa na umbo moja, sehemu ya chini ya kupakwa rangi huwa kubwa mara 4, na ujazo wake mara 8. Kamba, nanga, pampu na injini hukua kufuata ukubwa huo.

Kwa boti ya tanga, uliza kwanza nyaya za chuma zinazoshikilia mlingoti zina umri gani. Kampuni nyingi za bima hutaka zibadilishwe baada ya miaka 10 hadi 15, hata kama zinang'aa. Ufa huanzia ndani ya vishikio vya ncha, jicho lisipofika. Muuzaji akishindwa kuonyesha risiti, toa gharama hiyo kwenye bei unayompa.

Dhana: Zinki ambayo haijaliwa ni ishara njema

Ni kinyume chake. Zinki ni kipande cha madini kinachofungwa kwenye sehemu za chuma zilizo majini, na kazi yake ni kuliwa badala ya propela na shafti. Ikimaliza msimu ikiwa nzima, huenda haijagusana vizuri na chuma inachokilinda, au mtu ameipaka rangi. Badilisha ikibaki nusu. Zinki ni ya maji ya chumvi; kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tumia magnesi.

Dhana: Bima italipa kikiharibika kitu

Bima hulipa ajali. Uchakavu, kutu na uzembe wa matunzo kwa kawaida haimo. Boti ambazo injini iko ndani na mguu wa propela uko nje zina mpira wa mikunjo unaozuia maji kuingia. Mpira huo ukipasuka, boti huweza kuzama ikiwa imefungwa gatini, na swali la kwanza la mkaguzi litakuwa ulibadilishwa lini. Tunza risiti na tarehe.

Dhana: Tukiwa 4, kila mmoja atalipa robo

Kuchangia boti ni jambo zuri, na kwa watu wengi ndiyo njia pekee yenye busara. Ila kinachogawanyika ni gharama za kalenda tu. Za matumizi huongezeka. Injini nyingi zinazofungwa nje ya boti hutaka sevisi kila saa 100 au mara moja kwa mwaka, kipi kitangulie. Mtu mmoja anayetembea saa 40 hulipa sevisi moja. Wanne wakitembea saa 40 kila mmoja wanafika 160, na sevisi inadaiwa saa 100 zikitimia, kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo fungueni mifuko 2. Wa kwanza ni wa maegesho, bima na rangi, nao hulipwa sawasawa. Wa pili hulipwa kwa saa: andikeni usomaji wa mita ya injini kabla na baada ya kila safari, na kiwango cha saa kijumuishe sevisi na akiba ya injini itakayofuata. Mafuta yasiingie kwenye mfuko wowote. Kila anayerudi ajaze tangi. Injini ya petroli ya nguvu farasi 100 ikikanyagwa hadi mwisho hunywa takriban lita 30 hadi 40 kwa saa, na anayekwenda polepole hapaswi kumlipia anayekimbia.

Majina ya wote wanaoshika usukani yawe kwenye bima. Kisha andikeni, kabla hamjalipa chochote, nani anaruhusiwa kununua hisa ya anayetoka, thamani itapangwa na nani, na mwenzenu asipolipa itakuwaje. Mwenye maegesho huweza kuizuia boti nzima kwa deni la robo moja.